Viumbe wa Bondeni, kwa Mpangilio wa Orodha

Jumanne saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa barazani kwake akipiga upindo wa suruali ya sare ya shule, pini tatu mdomoni, kobe wa bondeni alipopita mbele yake akielekea mlimani. Alimtambua kwa lile pengo la ukingoni mwa gamba, upande wa kushoto, alilolipata mwaka ule malori ya matofali yalipokuwa bado yanakatisha matopeni. Kobe hakugeuka kumtazama. Alishika ukingo wa barabara, akapita duka la vipuri, akasubiri pikipiki mbili zipite, akavuka. Fundi alitoa pini mdomoni, akamalizia upindo, maana mwenye suruali alikuwa ameahidiwa saa sita.

Nyuma ya kobe walikuja vyura.

Walitangulia wale wakubwa wenye mistari mgongoni, wakafuata wale wadogo wa kwenye matete, ambao siku zote huwasikii mpaka wanyamaze. Kufikia saa tano foleni yao ilikuwa imefika kwenye mzunguko wa barabara. Askari wa trafiki alisimamisha magari kwa mkono wa kulia na kuwaita vyura kwa mkono wa kushoto. Dereva mmoja wa lori akapiga honi. Trafiki alimwuliza kama yeye ndiye mwenye haraka kuliko wote, dereva akazima injini.

Fundi alielewa alipowaona kerengende wekundu wakifuata vyura, na nyuma ya kerengende akaja konokono. Huo ulikuwa mpangilio wa daftari lake. Hakuna mtu mwingine ambaye angemweka konokono baada ya kerengende. Yeye alimweka hapo kwa sababu aliwaona siku moja, baada ya mvua, miaka tisa iliyopita.

Bonde lenyewe lilikuwa nyuma ya tanuri la matofali lisilowashwa tena. Mume wake alipofariki alianza kwenda huko kila Jumamosi, mwanzoni apate pa kulia bila majirani kumhesabia machozi, baadaye kuokota mifuko ya plastiki iliyoziba chemchemi. Alipoitoa mifuko, maji yalitoka. Maji yalipotoka, matete yalirudi, na wengine wote wakaja mmoja mmoja, naye akawaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kuanzia nyuma. Mbele kulikuwa na viuno na mabega ya mtaa mzima. Nyuma kulikuwa na bonde.

Miezi minne kabla ya Jumanne hiyo lilibandikwa tangazo la ruzuku kwa wananchi wanaotunza mazingira na viumbe. Fundi alilisoma mara mbili, akachukua daftari lake, akapanda mlimani kwenye steshenari ya wifi yake.

Wifi, mke wa mdogo wake wa kiume, alichapa barua za mji mzima: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kuomba kiwanja. Barua zake zilijibiwa. Fundi alikuwa akimwonea wivu tangu siku alipoletwa nyumbani, na kuhusu hilo hakujidanganya. Alimwonea wivu kwa sauti yake ya simu, kwa vidole vyake visivyo na alama hata moja ya sindano, na zaidi kwa jinsi marehemu mama yao alivyokuwa akimwita "mwanangu", ilhali yeye aliyezaliwa na mama huyohuyo aliitwa "wewe". Nguo zote za wifi alizishona yeye, bure. Kuna gauni moja alilishona vibaya makusudi, bega moja juu na lingine chini, na wifi alipolivaa likampendeza, na ndani ya mwezi mmoja wanawake watatu wakaja kutaka washonewe la namna hiyo.

"Nikujazie fomu, wifi?" wifi alimwuliza siku ile.

"Nitajaza mwenyewe. Wewe nitolee kopi ya daftari tu."

"Ukurasa gani?"

"Kuanzia nyuma."

Alijaza kwa kalamu ya bluu, siku nne. Penye changamoto aliandika mpaka nafasi ikaisha, akaambatisha karatasi mbili. Aliandika kwamba bata maji wamepungua, kwamba hajui kwa nini, na kwamba huenda ni kosa lake kwa kukata matete mapema. Penye matokeo yanayotarajiwa, pale walipotaka aseme vyura wataongezeka kwa asilimia ngapi, hakuandika kitu.

"Hapa umeacha wazi," wifi alimwambia alipoirudisha fomu ipigwe kopi pamoja na zile kurasa za daftari.

"Siwezi kuahidi kwa niaba ya vyura."

Wifi alikitazama kile kisanduku kitupu kwa muda. Yeye angeweza. Halafu akageukia mashine, ambayo ilikuwa na tabia ya kutoa kopi mbili kila ukiiomba moja, na fundi akachukua yake akashuka. Ile ya pili, iliyobaki kwa wifi, hakuiwaza tena mpaka Jumanne ile konokono alipopita.

Alasiri alikuja mdogo wake, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alipanda barazani akiwaruka konokono, akashindwa pa kuanzia.

"Sema tu," fundi alimwambia.

"Barua imegongwa muhuri leo saa tatu. Mke wangu amepata ile ruzuku. Ni hifadhi, kule kwenye kiwanja chetu cha juu."

"Kile kikavu?"

"Kilikuwa kikavu asubuhi." Alijikuna shingo. "Dada, samahani, nilitaka kukuuliza. Kambare unawawekea geti au wavu?"

"Wavu," alisema fundi, kwa kuwa lilikuwa swali lenye jibu.

Mdogo wake alipoondoka, fundi alitafuta hasira ndani yake akaikosa. Alichokikuta ni kijiba cha roho kilekile cha siku zote, ila kimenenepa. Aliwaonea wivu viumbe wenyewe kwa kwenda, akamwonea wivu yule aliyeendewa. Kilichomchoma zaidi ni kwamba walienda bila kusitasita, kama wageni walioambiwa chakula kiko nyumba ya pili.

Jumatano walipita ndege. Yangeyange, ambao wangeweza kuruka na kufika kwa dakika mbili, walitembea, kwa sababu mbele yao kwenye orodha kulikuwa na kenge na kenge haruki. Alhamisi yalipita matete. Yalijing'oa yenyewe asubuhi, yakakung'uta matope na kupanda mlima yakiwa wima, yakiinama kidogo chini ya nyaya za umeme. Ijumaa ilibaki chemchemi, ambayo fundi aliiandika ya mwisho kabisa kwa sababu ilichukua miaka kadhaa kabla hajaamini kwamba nayo inastahili namba.

Ilikuja kwenye mtaro wa barabara, nyembamba na safi, ikapanda mlima taratibu. Ilipofika barazani kwake iliingia, ikazunguka miguu ya cherehani mara moja. Fundi aliinua miguu yake juu ya ubao wa kukanyagia ili ipite. Alidhani itakaa. Ikatoka kwa mlango uleule, ikaendelea na safari. Jirani aliyekuwa anaanua nguo alisema maji ya bomba nayo yangefaa kwenda kujifunza kupanda namna hiyo.

Wiki iliyofuata afisa wa mfuko wa ruzuku alifika kukagua, na fundi alipanda mlimani kumwona. Kiwanja cha juu hakikutambulika. Palipokuwa na mchanga na matairi pana bwawa, matete yamesimama palepale yalipopaswa kusimama, na wifi yuko kando ya maji amevaa lile gauni la bega moja juu. Lilimpendeza zaidi penye maji. Afisa alikuwa na ubao wa kuandikia na orodha, akiita, na kila alichokiita kilionekana.

"Hao ni wa bondeni," fundi alimwambia. "Wa kwangu."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alifungua begi lake, akalitoa ombi la fundi, lile la kalamu ya bluu.

"Mama, nilianzia kwako leo asubuhi. Nimelizunguka bonde zima. Hakuna kitu, pamekauka."

"Wamehama."

"Nimeona. Wamehamia penye mradi."

"Wamehama kwa sababu wameandikwa huku."

"Ndiyo," alisema afisa kwa upole. "Hata sisi ndivyo tunavyofanya. Tunapeleka palipoandikwa." Akageuza karatasi. "Na hapa kwenye matokeo hukujaza. Kuna mwenzako ameahidi vyura asilimia arobaini. Mimi nifanyeje?"

Fundi alilitazama bwawa. Vyura wake walikuwa wameshafika asilimia arobaini, na mmoja mmoja walikuwa wanazidi.

Afisa aliendelea kuita. Alipofika thelathini na saba akasita.

"Hapa inaruka. Thelathini na saba, halafu thelathini na tisa. Thelathini na nane ni nani?"

Wifi alimgeukia fundi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikuwa na swali ambalo hakuwa na namna ya kulichapa.

"Wifi, uliacha mstari wazi. Ni nani pale?"

Pale alikuwa ndege. Mdogo, wa kahawia, mkia umepinda kidogo kushoto, sauti yake ni ya mtu anayekata uzi kwa meno. Fundi alimwona mwaka wa tano. Alimtafuta kwenye kitabu cha ndege alichoazimwa na mwalimu wa sayansi, akamkosa, akauliza watu, hawakumjua, akaacha mstari wazi mpaka atakapopata jina lake. Kwa sababu hiyo ndege hakuwemo kwenye kopi. Asubuhi ile, wakati afisa akizunguka bonde na kuandika kwamba hakuna kitu, ndege huyo alikuwa ametua juu ya tofali moja katikati ya matope yaliyopasuka.

Wifi alisubiri, kalamu mkononi. Fundi angetaja rangi tu, wifi angempatia ndege jina, jina zuri, na jioni ileile ndege angepanda mlima.

"Nilikosea kuhesabu," alisema fundi.

Afisa akafuta namba, akasogeza waliobaki juu. Kule ndani ya matete kulitokea msukumano mdogo, wakahama nafasi, wakatulia.

Wifi alimsindikiza fundi mpaka getini. Geti lilikuwa zuri. Mdogo wake alikuwa ameliwekea mapambo ya samaki.

"Usiwe na kinyongo, wifi," alisema. "Kwenye ripoti wanataka wanufaika. Nimekuandika na wewe. Nisingeweza kukusahau."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo fundi aliloshindwa kumsamehe.

Jumamosi iliyofuata fundi aliamka, akavaa viatu aende bondeni, na miguu ikapanda mlimani. Aliijaribu kwa kugeuka. Mwili uligeuka, miguu ikaendelea kinyumenyume, akaona ni afadhali ageuke tu atazame anakokwenda. Njiani alikutana na wanufaika wengine, muuza mkaa na mama wa kibanda cha simu, nao wakipelekwa. Walisalimiana.

Kule juu waligawiwa fulana za mradi. Fulana yake ilikuwa na mshono wa ovyo ubavuni, akaurekebisha akiwa amekaa. Kisha alikuja mkufunzi kijana kutoka mjini, mwenye picha kubwa za rangi, akainua moja juu.

"Huyu anaitwa nani?"

Mkono wa fundi haukuinuka. Aliuamuru, ukabaki pajani. Kwenye fomu ya mradi, mbele ya mnufaika namba kumi na mbili, yaani yeye, palikuwa pameandikwa kwamba hana elimu ya viumbe, na hata mdomo wake ulilijua hilo.

"Ni chura," mkufunzi alisema. "Semeni wote."

"Chura," alisema fundi pamoja na wengine. Chura mwenyewe, yule mwenye mistari, alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, akimtazama mkufunzi.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mafunzo yalikwisha saa saba, na baada ya saa saba miguu ilikuwa yake. Alishuka bondeni na kikopo cha maji alichochota bombani, akakiweka juu ya tofali, akakaa mbali. Ndege alikuja akanywa. Fundi hakumwambia mtu, hakuandika kitu, na jina akaacha kulitafuta.

Mwisho wa mwaka ripoti ilitoka, yenye karatasi ya kung'aa, na mdogo wake akamletea nakala. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye fulana ya mradi, kando ya bwawa, yangeyange wawili nyuma yake. Chini iliandikwa kwamba kabla ya mradi mama huyu alikuwa hawezi kutofautisha chura na konokono.

"Umetoka vizuri, dada," alisema mdogo wake.

"Nimetoka vizuri," alikubali.

Aliibandika ukutani juu ya cherehani, maana wateja walikuwa wakiiulizia. Akaokota suruali nyingine ya sare, akatia pini mdomoni. Kila alipoinua macho alimwona yule mwanamke wa kwenye picha, na roho ikamwuma, kwa kuwa alikuwa ameketi karibu kabisa na maji.