Korosho Alizohesabia Saumu

Marehemu mume wangu Mansuri hakuwa mtu wa daftari. Ramadhani yake ya mwisho homa ilimshika, na kila siku aliyokula mchana alitia korosho moja kwenye mkebe, apate kujua siku anazodaiwa. Alipofariki, siku ya hitima, wapwa zangu waliukuta mkebe jikoni, wakazikaanga korosho, wageni wakala. Na mimi, Biubwa, nilikula mbili.

Mwaka ukazunguka. Shaabani ikabaki siku kumi, au tisa mwezi ukiwahi kuandama, nami sijui nimlipie saumu ngapi. Nilikumbuka neno lake moja tu: "Hata mkebe ukipotea, hesabu nimeisema kwenye simu." Simu ile ilikwisha kufa, lakini mjukuu wangu Zuena, anayefanya kazi ya ofisi Utende, alikuwa amehamishia sauti zote kwenye kompyuta yake. Mzee alirekodi kila kitu: kasida, bei ya nazi, hata ugomvi wangu na kuku. Mafaili elfu mbili na ushei, kila moja kalipa jina mwenyewe.

Zuena akaja nayo kwangu Kirongwe, tukakaa barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mumeo kanificha hesabu."

"Mdai wewe uliyezeeka naye! Mimi aliniachia pipi tu."

Akaandika mistari michache, akaniambia lile ni faili la amri: ukilibofya linatafuta lenyewe kwenye majina ya mafaili, na kila litakachokipata linakifungua. Ubavuni mwa neno la kutafutwa akatia kinyota.

"Na hicho?"

"Kinasimama mahali pa usichokijua, Bibi. Iwe herufi moja, iwe kumi, au hata pawe patupu."

"Ehe! Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu hana kwao, na kila kiti hukikalia."

"Si ndiye huyuhuyu kinyota! Kutega gani huko, jibu lipo mezani?"

Akaandika *saumu*. Hakuna. Akaandika *ramadhani*. Lo! Mafaili arobaini na matatu yakafunguka kwa mpigo, kasida juu ya kasida, na katikati Mansuri anauliza bei ya pweza. Kuku wakatimka. Mimi sikutimka. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu tumzike.

Zuena aliizima, akanitazama. Kisha akairekebisha amri yake, ionyeshe majina kwanza kabla ya kufungua. Akajaribu *deni*. Akajaribu *kulipa*. Hakuna.

"Imenishinda, Bibi."

"Aliyeshindwa hutoa mji," nikamtania, kama tufanyavyo kwenye vitendawili.

"Haya, nakupa Kilindoni."

Hapo nikashtuka. Mansuri alifundishwa barua shuleni, anwani kwanza, na tangu hapo hakuanza neno, wala jina la faili, bila kusema alipo. Hata akipiga simu: "Nipo Kilindoni, hujambo?" Na siku aliyoniambia habari ya hesabu alikuwa ametoka Juani, kwenye magofu ya Kua, kuwaombea dua wazee.

"Kilindoni siutaki," nikamwambia. "Nipe Kua, halafu utie mgeni wako."

Akaandika Kua*. Yakatokea majina matatu. La pili lilisema "Kua baada ya dua". Akalifungua hilo peke yake.

Upepo, kisha kikohozi. "Nipo Kua. Biubwa, korosho ni kumi na saba. Nilipata nafuu, nikasema kesho, tena kesho. Usiwaambie watoto."

Nikahesabu vidole. Kumi na saba haziingii kwenye siku tisa.

"Mke mwenzangu," nikasema, "mume ni wetu sote."

"Leo ndio amekuwa wetu?"

"Mimi nafunga tisa."

Akafunika kompyuta taratibu. "Na mimi nane. Lakini usiku wa leo nalala hapa, na daku unapika wewe."

Nikauchukua mkebe uleule, nikatia korosho kumi na saba, nikaufunga kamba mara tatu. Wapwa zangu nawajua.