Kila Mtu Ana Toa Moja

Mume wangu alisikiliza wimbo wa mwisho akiwa amefumba macho, na nilijua hanisikilizi mimi. Alikuwa anamsikiliza dada yake.

Bendi hii ilianza na gitaa langu na besi yake. Tunapiga roki ya anga za juu: nyimbo ndefu, gitaa limezama kwenye mwangwi mpaka msikilizaji anahisi sakafu imeondoka. Kisha wifi yangu akahamia mjini na vinanda vyake vya umeme, nyaya begani kama fundi wa simu, akaambiwa ajaribu kidogo. Kidogo hicho kimejaa albamu nzima. Pale nilipokuwa nikiliza nyuzi zangu, sasa mashine zake hizo zinakoroma. Kila anayepita studio anasema, "Huyu dada ni moto." Huyo dada alifikia kwangu, na chai nilimchemshia mimi.

Mchana huo tulikuwa wanne katika chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani, trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia kelele: mimi, mume wangu, wifi, na mwenye studio anayetupigia ngoma, ambaye sote tunamwita Masikio.

"Hapo sasa," mume wangu alisema, macho yamefumbwa bado. "Hapo ndipo roketi inapoiacha dunia."

Ilikuwa sauti moja ndefu, inapanda taratibu huku ikitetemeka, inakaribia kulia halafu inajizuia. Roho iliniuma. Kwa gitaa langu hajawahi kufumba macho hata siku moja. Husema, "Iko poa," kisha anauliza kama kuna chakula.

Bendi yetu ina sheria iliyozaliwa na ugomvi uliotaka kutuvunja. Kila mtu ana toa moja kwa albamu. Ukisema "toa", sauti uliyoitaja inaondoka, hakuna maswali, hakuna kununa. Mume wangu alitumia yake kwa filimbi ya Masikio, na majirani wakapona. Yangu nilikuwa nimeitunza.

"Toa," nikasema.

Masikio akageuka. "Toa nini, shemeji?"

"Hiyo inayopanda. Mashine ya wifi."

Mume wangu akafumbua macho. "Mke wangu, hebu fikiri kidogo."

"Nimeshasema. Au sheria ni ya wengine?"

Masikio akabonyeza, akaizima sauti ile, akaurudia wimbo. Ngoma na besi zilipita pale zenyewe, kama wageni waliofika kwenye sherehe wakakuta mwenyeji hayupo. Hata hivyo nilitabasamu.

"Kabla hujaifuta," wifi akamwambia Masikio, "mpigie ile yenyewe, kabla sijaigusa."

Likatoka gitaa. Halikuwa hata wimbo. Nilikuwa mimi nakaza nyuzi, naupandisha uzi mwembamba nikiutafutia mahali pake, na mwisho kabisa kikohozi changu kidogo.

"Ulidhani hatujaanza kurekodi," wifi alisema. "Nikaipitisha kwenye mashine, nikairefusha. Nilitaka nikuambie siku ya kumaliza. Mimi siwezi kupiga kitu kama hicho, wifi."

"Basi irudi," mume wangu akasema.

"Aliyetoa ndiye wa kurudisha," Masikio akajibu, kidole kwenye kitufe, akinitazama.

Nilitakiwa kusema neno moja tu. Lakini nilishaona yatakayofuata: watu watasema wifi ameokota dhahabu kwenye takataka zangu, na mume wangu atafumba macho nisijue ni kwa mkono wangu au kwa mkono wa dada yake. Nilikuwa naionea wivu sauti yangu mwenyewe, na kulijua hilo hakukuupunguza wivu hata chembe.

"Sheria ni sheria," nikasema. "Futa."

Akafuta. Wifi aliinama akaanza kukunja nyaya zake, machozi yakimlengalenga. Angenitukana, ningepumua.

Albamu imetoka. Watu wanasifu nyimbo za mwanzo, gitaa na mashine zilivyoshikana. Ule wa mwisho wanasema ni mrefu bure, na mimi naitikia kwa kichwa.

Jana asubuhi mume wangu alikuwa anaosha vyombo huku akipiga mluzi. Nikasimama mlangoni na kitambaa cha kufutia sahani. Ilikuwa sauti ile ile, inapanda taratibu, inatetemeka, na nikajiandaa kukasirika, maana nilidhani anamkumbuka dada yake. Alipofika juu kabisa akanyamaza, akakohoa kidogo, kikohozi changu chenyewe, kisha akachukua sahani nyingine na kuanza tena mwanzo.