Nyasi za Mgeni

Mzungu wa mimea alizungushia seng'enge kipande cha mlima hapo Kishanda, kwa kuwa ndani yake mliota nyasi ambazo, alisema, hazipatikani kwingine duniani. Mbuzi walipigwa marufuku, nyasi zikastawi.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba anarudi, na atafikia kwa Kokwijuka. Mgeni hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni, na mgeni mkubwa hatandikiwi takataka za kando ya njia. Kokwijuka akachukua mundu, akapanda mlimani. Seng'enge ikamchania kanga, akaisamehe.

Mzungu aliketi, akasifu harufu nzuri ya nyumba, kisha akaomba apelekwe kuziona nyasi zake.

“Ya nini kujichosha, Bwana?” alisema Kokwijuka. “Nimekuletea zote. Umezikalia.”