Picha ya Kizazi

Bi Mdogo akicheka alishika mbavu za kulia. Bi Mkubwa aliliona hilo kabla ya mtu yeyote, akiwa mezani akinyoosha nguo za wateja kwa pasi ya mkaa, maana hakuna anayemchunguza mwanamke kama mke mwenzake.

Zikafuata homa, kichefuchefu na jasho la kulowesha shuka. Mama mkwe akasema ni mimba, akapiga vigelegele. Tangu hapo Bi Mdogo hakugusa pasi. Supu ilimfuata kitandani, na mto wa mume ukahamia mgongoni kwake. Nguo za wateja zilibaki kwa Bi Mkubwa peke yake. Mimba zake mwenyewe zilipotoka, aliambiwa atandue shuka akazifue.

"Mbona umenuna?" mama mkwe alimwuliza. "Mwenye wivu ajinyonge. Kamba nitanunua mimi."

Kwenye zahanati, mama mkwe alitangulia kusema kwamba wamekuja kumwona mtoto. Basi mpimaji wa altrasaundi akapitisha kifaa chini ya kitovu tu, akasema kizazi ni kitupu, akaita mgonjwa mwingine. Hakuna aliyeuliza homa ilitoka wapi.

Siku ile supu haikupikwa. Mume alirudisha mto wake kwa Bi Mkubwa, naye akalala usingizi mtamu ambao hakuwa ameuonja kwa miezi. Bi Mdogo akarudishiwa pasi. Haikupita wiki akaanguka kando ya meza, meno yakigongana, macho yamegeuka manjano.

"Mpeleke wewe," mama mkwe alimwambia Bi Mkubwa. "Mimi nilikwenda, nikarudi mikono mitupu."

Katika hospitali kubwa, daktari mmoja msichana alimbonyeza taratibu.

"Unaumwa wapi? Hapa? Na hapa je?"

Kila alipouliza, alisubiri jibu. Mkono ulipofika chini ya mbavu za kulia, Bi Mdogo alilia. Wakamtoa damu, wakapiga picha, safari hii juu ya kitovu. Ndani ya ini palikuwa na jipu kubwa kama chungwa. Daktari alieleza kwamba ni bakteria. Pengine walipanda kutoka kwenye utumbo au njia ya nyongo; usaha ukipimwa watajua ni wa aina gani, na dawa ipi inawaua. Antibayotiki zingepita mshipani kwanza, kisha vidonge kwa wiki nyingi. Ila wamechelewa kumleta, maambukizi yameingia kwenye damu. Hakuahidi kitu.

Walimchoma sindano ndefu wakifuata picha, wakamwachia mrija ubavuni. Usaha ukaanza kushuka kwenye mfuko, mzito, wa kahawia.

Mama mkwe alipiga simu. Alitaka kujua kama kizazi kimeguswa. Bi Mkubwa akamjibu hakijaguswa, na simu ikakatwa.

Bi Mdogo alifumbua macho.

"Dada, sasa umefurahi?"

Bi Mkubwa alimfunika miguu. Katika miaka yote ya nyumba ile, neno hili hakuwahi kulitoa kinywani.

"Nakuonea wivu," alisema. "Hata sasa hivi. Wewe umeulizwa unaumwa wapi."