Nchagwa na Akina Mama wa Kivukoni

Mimi siwezi kutembea na mtu mkimya. Siku ya kwanza tu nilimwambia Nchagwa, "Kijana, kama unataka kuoa kwetu, ongea! Hata mto unaongea."

Alicheka kidogo, akaendelea kupaka chokaa mawe ya njia. Mwaka huo wa tisini na sita ndiye aliyekuwa akiongoza wageni kwa miguu, siku tatu, kutoka daraja la Migori, wafuate mto, wazione kuta za kale za mawe za Thimlich, hadi ziwani. Mimi nilikuwa mpishi wao. Lakini nilikuwa na kazi nyingine. Nchagwa, Mkuria wa Isebania, alikuwa amemchumbia Lorine, binti wa marehemu kaka yangu. Wifi yangu Phelesia, mamake Lorine, hakutaka hata kumsikia.

"Tembea naye, Filister," aliniambia. "Ukirudi useme hafai, basi hafai."

Sasa, Nchagwa hakuwa amemwona Phelesia hata siku moja. Yeye na Lorine walijuana mjini, huko Lorine anakoshona nguo. Na kwao Wakuria, kama kwetu Wajaluo, mtu hakutani na mama mkwe hivi hivi tu. Anampisha, anatoka njiani kabisa. Kumpa mkono? Thubutu! Basi nilipomwambia kwamba boma la Phelesia liko huko mbele, karibu na kivuko, jasho likamtoka.

Kuanzia hapo, kila mama aliyetokea na ndoo kichwani, kijana huyo kichakani. Na wageni wetu, watu wanne wa Nairobi walioambiwa wamfuate kiongozi, nao kichakani. Walimpisha muuza samaki. Wakampisha bibi wa miaka themanini. Wakampisha mke wa pasta, akaja kuniuliza kama hawa watu wanatafutwa na polisi. Mgeni mmoja alichanika suruali, akaniuliza kwa adabu, "Mama, hapa pia pana historia?"

"Pana sana," nikamjibu. "Ingia tu."

Kitu kimoja sikukisema. Phelesia alimzaa Lorine akiwa na miaka kumi na sita, na mpaka leo ukimwona utadhani ni dadake. Ningemwambia kijana wa watu. Lakini nilikuwa nafurahia, Mungu anisamehe.

Tulimkuta Phelesia kivukoni, ameshika karai la nguo, anatafuta pa kuvukia. Nchagwa alimtazama, akaona msichana. Akaenda moja kwa moja, akampa mkono. Uwi! Na Phelesia, kwa mshtuko, akaupokea.

"Dada, nisaidie," Nchagwa akasema. "Unamjua mamake Lorine? Tangu asubuhi nawapisha akina mama wote, miguu imejaa miiba. Naogopa nitampita bila kumheshimu. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Huyu nikimpata, nataka nianze naye vizuri."

Phelesia aliitazama miguu yake. Ilikuwa inatoka damu. Mimi kicheko kiliniisha pale pale, nikatamani ardhi inimeze, maana aibu hiyo niliipika mwenyewe.

"Namjua," Phelesia akasema. "Ni mkali."

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Nchagwa akanitazama. Nikajifanya nafunga sufuria.

"Jumamosi njoo na wazee wako," Phelesia akasema. "Mimi nitakuwa ndani, hutaniona."

Maneno hayo yalimwingia Nchagwa polepole. Kisha akavuta mkono. Phelesia hakuuachilia.

"Mama, nisamehe, sikujua..."

"Mkono umeshautoa. Kuanzia kesho tutaheshimiana kama mila inavyotaka. Leo maji yamejaa." Akampa lile karai abebe. "Nivushe, mwanangu."

Wakaingia mtoni, yeye mbele, akipima kila jiwe kwa mguu kabla ya Phelesia kukanyaga. Mgeni wa suruali iliyochanika akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia anyamaze, avue viatu.