Mama Kabula wa Tinde

Mtoto tuliyemlea miaka sita amechukuliwa na wazazi wake, na mke wangu hana mwingine wala hatapata.

Mchungaji Abel na mkewe Mariana walitoka Brazili kuja Tinde kuwahubiria watoto. Ni weusi kama sisi, ila kwetu kila aliyetoka ng'ambo ni mzungu. Binti yao alizaliwa hapa, mvua inanyesha. Wao walimwita Beatriz. Kwa Wasukuma, mtoto wa kike wa mvua ni Kabula, basi.

Katikati ya kila wiki walikwenda Geita, kwenye machimbo, kuwafundisha watoto wa wachimbaji Biblia na kuwapikia uji. Vumbi la kule halifai mtoto mchanga, kwa hiyo alibaki na Klara, mke wangu, na hata alipokua akaendelea kulala kwetu. Jumapili walirudi kufundisha watoto wa Tinde.

Huku mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Klara alikuwa Klara tu mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Kabula alipoanza kutembea ameshika kanga yake, sokoni wakaanza: Mama Kabula, chukua nyanya. Mariana walimwita Mama Mchungaji, kwa heshima. Hakuna aliyeona ubaya.

Mwezi wa tano wakaja wageni kutoka kanisa la kwao. Mmoja alimwona Kabula anaimba na wenzake, akauliza kwa mkalimani mama yake yuko wapi. Watoto wakapaza sauti, "Mama Kabula! Unaitwa!" Vidole vyote kwa Klara.

Mariana akacheka. "Hapana jamani, mama yake ni mimi."

"Uongo!" akasema binti wa jirani yetu Maige. "Mtoto wa mzungu anakulaje michembe?"

Kabula alikuwa anatafuna hivyo viazi vikavu wakati huohuo. Tuliangua kicheko, na mimi nikiwamo. Mariana hakucheka tena.

Jioni alikuja kwetu, akakataa kiti.

"Klara, wanakuita hivyo tangu lini?"

"Tangu alipoanza kutembea. Watu ndio walioanza, Mama Mchungaji."

"Hukuwakataza."

"Ningewaambia waniite nani?"

Mariana akamwita mwanawe kwa Kireno. Kabula akajificha nyuma ya Klara, akasema, "Mayu, huyu anataka nini?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Mariana alilijua neno hilo. Alikuwa analitumia akiwafundisha watoto kanisani.

Alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, akalia. Klara akakaa naye. Sikujua nimpe nani leso.

Wiki mbili baadaye, walipokwisha kuamua kurudi Brazili, gari lilikuja kuwapeleka uwanja wa ndege Mwanza. Kabula aligoma kupanda. Abel akamwangalia Klara. Klara akatangulia yeye ndani, mtoto akamfuata, akamkalia mapajani. Klara akamhamishia kwa Mariana, akateremka kwa mlango wa pili, akaufunga.

Darasa la watoto limekufa, hapa na Geita. Abel anasema kwenye simu kwamba mtoto hali chakula vizuri na haongei na mama yake. Klara haendi kanisani. Wakimwita Mama Kabula haitiki, wakimwita Klara haitiki. Mimi nilikuwa na mke na mtoto; mtoto yuko Brazili, na mke analala ameutazama ukuta.