Uji wa Soya Siku za Eda

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu mambo yaligeuka: mama yangu aliyatangaza maradhi yake, na kifo kikatuumbua sisi tuliomsikia.

Nianze na langu. Nina diploma ya lishe, nafanya kazi Kikoneni, nawafundisha akina mama kupanda soya. Idi iliyopita nilikuja nyumbani Msambweni, nikakaa jikoni na wanawake wa kwetu nikawaeleza: mwanamke akikoma hedhi hupungukiwa na homoni iliyokuwa ikiilinda mishipa yake, na soya ina kitu kinachofanana na homoni hiyo, ingawa ni dhaifu mno. Nikasema wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kinausaidia moyo. Nikasema ni chakula, si dawa.

Shangazi Subira, dada yake baba, alikuwa akikuna nazi. Alisikia nusu ya kwanza.

Baadaye baba akafariki. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi katika chumba cha nyuma, bila wanja wala manukato. Shangazi akahamia kwetu kumtunza wifi yake. Na alimtunza, sisemi uongo. Alimpikia, alimfulia, alimsomea Yasini.

Siku ya hamsini na tatu, Jumatatu, mama alinipigia simu.

"Warda, vidonge vyangu vya presha vimekwisha tangu Ijumaa."

"Nenda kliniki, Mama. Leo."

"Nimemwambia shangazi yako, lakini..."

Simu ikachukuliwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wataka mjane wa ndugu yangu apite sokoni watu wamtazame? Kaburi halijakauka!"

"Basi mtume mtu akamchukulie."

"Alikwenda binti yangu, Mapenzi. Yule nesi wa bara, Eunice, akakataa. Ati lazima mgonjwa aende mwenyewe apimwe. Lakini usitie wasiwasi. Nampa uji wa soya, asubuhi na jioni. Si wewe uliyesema una homoni ya kulinda moyo? Twafuata elimu yako, bibiye." Akacheka.

"Shangazi, ule ni uji! Hauwezi kushika kazi ya dawa."

"Kama hukutaka tukuamini, mbona ulitufundisha?"

Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Nilikuwa na mafunzo ya kumaliza.

Jumatano adhuhuri mama alisema taya linamuuma. Kisha katikati ya mabega. Kisha akatapika. Shangazi akasema ni jino, halafu akasema ni uchovu wa msiba, akamsugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Haya nilisimuliwa na Mapenzi, bintiye shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika beseni. Mama alisema kwa kinywa chake, "Ni moyo, wifi. Nipelekeni."

"Moyo wa mjane sharti uume," shangazi akamjibu, akamkorogea uji mwingine, mzito zaidi.

Alasiri walikubali kumpeleka. Tuktuk ikaja, ikasimama mlangoni, na shangazi akamwambia dereva angoje. Wakangoja magharibi ili giza limfiche mjane asionekane na watu. Hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Alifika amekwisha kupoa.

Baada ya maziko nilimwendea Ustadh Swabir, aliyemsalia. "Ustadh, eda yamkataza mjane kwenda hospitali?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nani kasema? Dharura ina hukumu yake. Mngeniuliza, ningewaambia."

Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Siku ya hitima wanawake walijaa ukumbini, sinia bado ziko mikekani. Shangazi akamwambia jirani, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Soya ya huyu msomi ndiyo iliyomuua wifi yangu. Nami nilimwamini!"

Nikasimama. Nikasema soya haijamuua mtu hapa. Kama chakula haikumdhuru. Amekufa kwa vidonge alivyokosa na kwa mlango uliofungwa, na wewe, shangazi, ndiwe uliyeukalia mlango huo. Nami nilikuwa nikiingoja Jumamosi, nikasema, hilo nalo mlisikie. Kisha nikawageukia wale wa umri wa mama. Moyo wa mwanamke, nikawaambia, huweza kulilia kwenye taya, kwenye mgongo, kwenye kichefuchefu. Ukilia, msingoje magharibi.

Shangazi akajifunika uso kwa leso, akalia kilio ambacho hakikuwa cha uongo.

Jioni ile ami yangu Chome aliniita barazani. "Umemvunjia heshima shangazi yako mbele ya watu, kwenye hitima ya mamako! Utamwomba radhi kabla ya arobaini. Hutaki, usikanyage nyumba hii."

"Ami, nilisema uongo?"

"Sikuulizi habari za uongo na kweli. Nakuuliza habari za adabu."

Kesho ni arobaini. Kopo la unga wa soya lingali rafuni, limebaki nusu, na kijiko chake ndani. Mapenzi ameniletea ujumbe kwamba shangazi halali, kwamba neno moja tu latosha, nikiingia nimshike mkono yaishe.

Mama nimemwomba radhi juu ya mswala, usiku na mchana, kwa ile Jumamosi. Nitamwomba hadi nife.

Shangazi, kwa nilichokisema ukumbini, simwombi. Ng'o.